Oscar Romero na wakimbizi wa Langley Park

Langley Park ni kitongoji cha jimbo la Maryland, nje kidogo ya mpaka wa Washington, mji mkuu wa Marekani. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta humo watu 18,755, wengi wao wenye asili ya Amerika ya Kati, hasa El Salvador na Guatemala, wakiishi katika nyumba za ghorofa za kupanga. Ili kuelewa ni kipi kilichowatoa makwao, hapana budi kuyatazama maisha ya mtu ambaye hakuishi huko hata siku moja: Oscar Arnulfo Romero, Askofu Mkuu wa San Salvador.

Romero alizaliwa tarehe 15 Agosti 1917 katika mji mdogo wa Ciudad Barrios, milimani mashariki mwa El Salvador. Alijifunza useremala kabla ya kuingia seminari, kisha akapelekwa Roma, ambako alipewa upadre mwezi Aprili 1942, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto.

Nchi yake iliishi kwa kahawa. Msomaji wa Kilimanjaro au Bukoba ataitambua mibuni, lakini si umiliki wake: huko ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa koo chache za matajiri, na wakulima wengi hawakuwa na kipande cha kupanda mahindi. Walipoasi mwaka 1932, jeshi liliua maelfu ya watu kwa muda wa majuma machache. Tangu hapo wanajeshi walitawala kwa takriban nusu karne.

Kwa miaka mingi Romero hakuonekana kuwa mtu wa kuutikisa utaratibu huo. Alikuwa mpole, mwenye haya, mpenda vitabu, na aliwatilia shaka mapadre waliochanganya mahubiri na madai ya ardhi. Alipoteuliwa Askofu Mkuu mwezi Februari 1977, wenye mashamba walifurahi na mapadre wengi wa vijijini wakasikitika. Siku sita kabla ya kusimikwa kwake, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Tangu mwaka 1998 sanamu za maaskofu hao wawili zimesimama katika safu moja juu ya lango la magharibi la Westminster Abbey, London.

Tarehe 12 Machi 1977, padre Rutilio Grande, rafiki wa Romero aliyewasaidia wakulima kujiunga pamoja, alipigwa risasi barabarani akiwa na mzee mmoja na kijana mmoja. Romero alikwenda usiku uleule kuitazama miili. Wengi huutaja usiku huo kama uliombadilisha, ingawa mauaji ya wakulima aliyoyashuhudia mwaka 1975, akiwa askofu wa Santiago de María, yalikwisha kumtia wasiwasi. Safari ile alimwandikia rais kwa faragha. Safari hii alitaka uchunguzi waziwazi, na akakataa kuhudhuria sherehe za serikali maadamu wauaji hawajatajwa.

Kila Jumapili mahubiri yake yalitangazwa na redio ya kanisa, na nchi nzima ilisikiliza. Alisoma majina ya waliouawa na waliotoweka juma hilo, jambo ambalo magazeti hayakuthubutu kulifanya. Mwezi Februari 1980 alimwandikia Rais Jimmy Carter akimsihi asilipe jeshi la El Salvador msaada wa kijeshi. Msaada ulitolewa. Tarehe 23 Machi aliwaamuru askari, kwa jina la Mungu, waache kuwaua ndugu zao wakulima. Jioni ya kesho yake, akiendesha misa katika kanisa dogo la hospitali ya wagonjwa wa saratani alikokuwa akiishi, aliuawa kwa risasi moja.

Hata mazishi yake yalivurugwa kwa bomu na risasi, na makumi ya watu walikufa. Tume ya ukweli iliyoundwa chini ya Umoja wa Mataifa ilitamka mwaka 1993 kwamba amri ya kumuua ilitoka kwa Roberto D'Aubuisson, afisa wa zamani wa jeshi, ambaye wakati huo alikwisha kufariki.

Vita vilivyofuata viliendelea hadi mwaka 1992 na kuua watu wapatao 75,000. Mamia ya maelfu walikimbilia Marekani, wengi wakafika eneo la Washington. Katikati ya miaka ya 1980, waombaji hifadhi kutoka El Salvador waliokubaliwa hawakufikia 3 katika kila 100. Sababu si ngumu kuiona: kuwakubali kungekuwa kukiri kwamba serikali iliyosaidiwa na Washington inaua raia wake.

Hivyo waliishi bila hati, wakifanya kazi za ujenzi, usafi na jikoni. Tarehe 5 Mei 1991 polisi alimpiga risasi na kumjeruhi mhamiaji kutoka El Salvador katika mtaa wa Mount Pleasant, Washington. Ghasia zikalipuka kwa siku kadhaa, magari ya polisi yakachomwa moto, na meya akatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Baadaye kodi za nyumba zilipopanda katika mitaa hiyo, familia nyingi zilisogea Maryland. Shirika la CASA, lililoanzishwa mwaka 1985 kuwasaidia wakimbizi hao, lilihamishia makao yake Langley Park mwaka 2010, katika jumba la fahari lililojengwa mwaka 1924 na familia tajiri iliyomiliki eneo hilo.

Mwezi Januari 2018 serikali ya Rais Donald Trump ilitangaza kukomesha kibali cha muda kilichowaruhusu takriban watu 200,000 kutoka El Salvador kuishi na kufanya kazi Marekani tangu mitetemeko ya ardhi ya mwaka 2001. Mahakama ilizuia uamuzi huo tarehe 3 Oktoba. Siku 11 baadaye, Roma, Papa Francis alimtangaza Romero kuwa mtakatifu. Januari 2025 kibali hicho kiliongezewa muda hadi Septemba 2026.