Eli Whitney na Mtambo wa Pamba

Eli Whitney alizaliwa mwaka wa 1765 katika mji wa Westborough, jimbo la Massachusetts, upande wa kaskazini wa Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, naye alikuwa na karakana ndogo ya kufanyia kazi za mbao na chuma. Mtoto huyu alipenda kushinda humo kuliko kushika jembe. Wakati wa vita vya Wamarekani na Waingereza misumari iliadimika, naye, angali kijana, akaifua na kuiuza. Baadaye akafundisha shule ili apate fedha za kusomea chuo cha Yale, akamaliza masomo mwaka wa 1792.

Kisha akasafiri kwenda Georgia, upande wa kusini, akitumaini kazi ya ualimu. Kazi ile haikumfaa, akakaa kwa bibi mmoja mjane, jina lake Catharine Greene, mwenye shamba kubwa karibu na Savannah. Huko akasikia mashaka ya wenye mashamba. Pamba iliyositawi bara ilikuwa na mbegu zilizoshikamana sana na nyuzi, hata mtu akichambua kwa vidole kutwa nzima hupata ratli moja tu. Na huku viwanda vipya vya Uingereza, vilivyosokota nyuzi kwa nguvu za maji na mvuke, vilitaka pamba bila kushiba.

Mwaka wa 1793 Whitney akaunda mtambo. Ulikuwa gogo la mviringo lenye kulabu za waya, lililozungushwa kwa mkono. Kulabu zilivuta nyuzi katika mianya myembamba. Mbegu hazikuweza kupita, zikaanguka, na burashi ikazikung'uta nyuzi. Mtu mmoja akafanya kazi ya watu hamsini.

Mtu angedhani watumwa watapumzika. Sivyo ilivyokuwa. Kuchambua kulikuwa kwepesi sasa, bali kupanda, kupalilia na kuchuma kulibaki kazi ya mikono, na kila mwenye ardhi alitaka pamba. Bei ya mtumwa ikapanda. Jimbo la South Carolina, lililokuwa limezuia watumwa kuletwa kutoka Afrika, likafungua tena mlango mwaka wa 1803. Na kabla ya sheria ya Marekani kuufunga mwaka wa 1808, watu karibu 40,000 walishushwa Charleston. Baada ya hapo watu waliuzwa ndani ya nchi, mume akabaki Virginia, mke akapelekwa Mississippi. Mwaka wa 1790 watumwa wa Marekani walikuwa karibu 700,000. Mwaka wa 1860 walikaribia milioni 4.

Whitney mwenyewe hakutajirika kwa mtambo ule. Serikali ilimpa hati yake mwaka wa 1794, lakini mhunzi yeyote aliweza kuuiga, naye akapoteza miaka mingi kortini. Tangu mwaka wa 1798 aliiundia serikali bunduki, na kwa kazi hiyo akafanikiwa. Alikufa mwaka wa 1825.

Pamba ile ikaendelea na safari. Viwanda vya Massachusetts, jimbo alikozaliwa, vilifuma nguo nzito isiyotiwa rangi, na merikebu za Salem zikaileta Unguja, ambako watu waliiita merikani. Wapagazi waliichukua majora kwa majora hata Unyanyembe na Ujiji, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu, na pengine kwa watu. Vita vya Wamarekani wao kwa wao vilipoanza mwaka wa 1861 pamba ilipungua, na merikani ikawa ghali Unguja. Vikaisha mwaka wa 1865, na mwaka huo huo utumwa wa Marekani ukakomeshwa kwa sheria.