Viktor Lowenfeld: Mwalimu wa Sanaa kwa Watoto Wasioona

Miongoni mwa walimu walioendeleza ufundishaji wa uchoraji duniani, Viktor Lowenfeld anastahili kufahamiwa na kila mwanachuo, kwa kuwa mawazo yake yalichipuka katika kuwafundisha watoto wasioona na wale wenye uoni hafifu.

Lowenfeld alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Linz, nchini Austria. Baada ya kusomea sanaa alifundisha katika shule ya vipofu ya Hohe Warte, mjini Vienna. Aliwapa watoto udongo, nao wakafinyanga vichwa na miili ya watu. Hakusahihisha vipimo vyao. Aligundua kwamba mtoto hukikuza kiungo chenye maana kubwa kwake: akifinyanga mtu anayelia, kinywa huweza kuwa kikubwa kuliko sehemu nyingine za uso. Aligundua pia kwamba baadhi ya watoto wenye uoni hafifu hawakupenda kuutegemea uoni huo, bali walianza na yale yaliyohisiwa na mwili. Akahitimisha kuwa hata miongoni mwa wanaoona vizuri wamo wanaoanza na jicho na wamo wanaoanza na mguso. Watafiti wa baadaye waliuona mgawanyo huo kuwa mkali mno, lakini fundisho la kumchunguza kila mtoto lingali na manufaa.

Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliitwaa Austria. Lowenfeld, aliyekuwa Myahudi, aliikimbia nchi yake, hatimaye akafika Marekani. Huko alifundisha katika chuo cha Hampton, jimboni Virginia, kilichosomesha Wamarekani weusi wakati wa ubaguzi wa rangi. Mmoja wa wanafunzi wake, John Biggers, alikuwa mchoraji mashuhuri, na mwaka 1957 alizuru Afrika Magharibi. Mwaka 1946 Lowenfeld alihamia Pennsylvania, na mwaka uliofuata akatoa kitabu Creative and Mental Growth, kinachoeleza hatua za uchoraji wa mtoto. Alipinga vikali vitabu vya picha za kupaka rangi, kwa kuwa humzoesha mtoto kutegemea mkono wa mtu mwingine. Alifariki mwaka 1960.

Tufikirie somo la uchoraji hapa Mwembesongo. Mwalimu akichora milima ya Uluguru ubaoni na kuamuru wote wanakili, mwanafunzi asiyeona ameachwa nje ya somo tangu mwanzo. Lakini mtoto huyo anaweza kuwa anaujua mlima kwa uchovu wa miguu yake katika kupanda, kwa ubaridi wa upepo, na kwa harufu ya udongo baada ya mvua. Mwalimu amuulize kwanza juu ya hayo. Kisha achanganye rangi na uji mzito wa unga au mchanga laini, ili mstari uweze kupapaswa ukikauka. Au agundishe uzi kwenye karatasi kuonyesha mipaka. Asiushike mkono wa mtoto na kumchorea.

Katika kutathmini, kazi ya mtoto ilinganishwe na kazi yake mwenyewe ya awali, si na ya jirani yake. Kwa hiyo kila karatasi iandikwe tarehe na ihifadhiwe tangu wiki ya kwanza ya muhula.