Agnes Pockels na Uso wa Maji ya Vyombo

Sisi tunaosomea ualimu wa fizikia tunaijua siku mhadhiri anapofika kwenye mada ya nyuso na tando nyembamba. Slaidi ya kwanza inakuja na mtambo wa chuma wenye pampu za kuondoa hewa, ya pili inakuja na hadubini ya elektroni, na darasa zima linapoa. Kule nyuma mtu ananong'ona kwamba hii ni fizikia ya wenye hela. Ndiyo maana katika toleo hili nimeona niwasimulie maisha ya Agnes Pockels, mwanamke wa Kijerumani aliyeweka mmoja kati ya misingi ya fizikia hiyo bila chuo, bila maabara na bila mshahara. Alianzia kwenye maji ya kuoshea vyombo.

Agnes alizaliwa tarehe 14 Februari 1862 mjini Venice, mji ambao leo uko Italia lakini wakati ule ulikuwa chini ya Austria. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la Austria. Kaskazini mwa Italia enzi hizo kulikuwa na malaria, mzee akaipata, ikamwachia afya mbovu hadi akalazimika kuacha kazi mapema. Mwaka 1871 familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Sisi tuliokulia Nyantakara, kule Biharamulo, hatuhitaji kuelezwa malaria inafanya nini kwenye nyumba. Homa ya mtu mmoja inavuruga ratiba ya kila mtu, na ratiba ya kwanza kuvurugika huwa ni ya binti.

Alisoma katika shule ya wasichana ya Braunschweig na akaipenda sana sayansi, hasa fizikia. Alipomaliza, njia ikaishia hapo. Vyuo vikuu vya Ujerumani havikuwa vikisajili wanawake. Jimbo la Baden lilikuja kufungua mlango mwaka 1900, na Prussia mwaka 1908. Baadaye, ilipoanza kuwezekana, wazazi wake walimwomba abaki nyumbani kwa ajili yao, naye akabaki. Mdogo wake Friedrich, aliyezaliwa 1865, yeye alienda kusoma fizikia Göttingen, na mwisho akawa profesa Heidelberg. Waliosoma optiki ya fuwele wamekutana na jina lake. Huyo Friedrich ndiye aliyekuwa akimpatia dada yake vitabu na majarida. Yaani ndugu wawili wa tumbo moja, vitabu vilevile: mmoja anavisoma maktaba, mwingine anavisoma akimaliza kupika na kumuuguza baba.

Karibu mwaka 1880, akiwa na miaka 18, Agnes alianza kuyachunguza maji ya kuoshea vyombo. Aliona kwamba maji yenye mafuta kidogo juu yake hayafanyi kama maji safi. Hapo tukumbushane kidogo. Molekuli ya maji iliyo katikati ya chombo inavutwa na jirani zake pande zote. Ile iliyo juu kabisa haina jirani wa maji upande wa juu, kwa hiyo inavutwa zaidi kwenda ndani, na uso mzima unajikaza kama ngozi ya ngoma. Ndiyo sababu mdudu mwepesi anatembea juu ya dimbwi bila kuzama. Nguvu hiyo tunaiita mvutano wa uso. Mafuta au sabuni ikitanda juu ya maji, mvutano unapungua. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu anaweza kukariri hilo. Agnes alitaka kujua unapungua kiasi gani, na unaanza kupungua lini.

Mwaka 1882, akiwa na miaka 20, akatengeneza chombo chake. Kilikuwa trei ndefu ya bati yenye urefu wa sentimita 70, upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 2. Aliijaza maji mpaka ukingoni, kisha juu yake akalaza kipande cha bati kikatizacho upana wa trei. Kipande hicho kikisukumwa, uso wa maji upande mmoja unapungua na upande wa pili unaongezeka. Ili kupima mvutano, alining'iniza kidude bapa kama kifungo cha shati, chenye kipenyo cha milimita 6, kwenye mizani ndogo, akakigusisha uso wa maji, kisha akapima nguvu inayohitajika kukibandua. Kwa rula akajua eneo, kwa mizani akajua mvutano.

Alichokiona naweza kukieleza kwa maharage. Mwaga maharage machache kwenye sinia, yakae mbalimbali. Chukua rula uyasukume taratibu kwenda upande mmoja. Mwanzoni rula inateleza tu, haisikii kitu, kwa sababu kuna nafasi kati ya harage na harage. Inafika mahali yote yamegusana, yamejipanga safu moja. Kuanzia hapo ukisukuma, yanakusukuma. Mafuta juu ya maji yalifanya hivyo hivyo. Agnes alipopunguza eneo, mvutano ulibaki karibu uleule wa maji safi, halafu ghafla, eneo lilipofika kiwango fulani, ukaanza kushuka kwa kasi. Kiwango hicho ndicho kinachoitwa hadi leo nukta ya Pockels. Ni pale ambapo molekuli za mafuta zimejaza uso wote kwa safu moja, bila kupandana.

Aligundua pia jambo ambalo mtu wa maabara atalithamini kuliko yote: uso wa maji huchafuka upesi mno. Kidole kilichogusa, vumbi la hewani, chombo kisichosuguliwa vizuri, vyote vinabadilisha vipimo. Akabuni njia ya kuusafisha: anaburuza kile kipande cha bati juu ya maji, uchafu wote unasukumwa pembeni, nyuma yake unabaki uso mpya. Wanaofanya kazi hii leo bado wanafagia uso wa maji kwa kizuizi kabla ya kuanza kupima.

Kwa takribani miaka kumi hakuna kilichochapishwa. Hakuwa na cheo, hakuwa na mtu wa kumtambulisha, na kazi za nyumbani hazikupungua. Halafu akapata habari za majaribio ya mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, ambaye mwaka 1890 alitandaza mafuta ya zeituni juu ya maji na kukadiria kwamba utando wake ulikuwa na unene wa nanomita 1.6. Agnes akaona kwamba mtu mkubwa anabisha mlango ambao yeye alishaufungua. Tarehe 10 Januari 1891 akamwandikia barua kwa Kijerumani akimweleza vipimo vyake vyote.

Barua hiyo inanigusa kwa sababu nyingine pia. Siku tisa tu kabla yake, tarehe 1 Januari 1891, serikali ya Ujerumani ilikuwa imechukua rasmi utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kutoka kwa kampuni ya wakoloni. Dola iliyojiona inatosha kutawala mpaka huku kwetu ilikuwa haijaona umuhimu wa kumpa binti yake mwenyewe kiti darasani.

Rayleigh angeweza kuitupa barua ile, au kuitumia kimyakimya. Hakufanya hivyo. Mke wake aliitafsiri kwa Kiingereza, naye akaipeleka kwenye jarida la Nature akiomba ichapishwe kwa jina la mwenyewe. Ilitoka tarehe 12 Machi 1891. Agnes alikuwa ametimiza miaka 29 mwezi uliotangulia. Baada ya hapo akaendelea kuchapisha makala nyingine, akiboresha njia zake. Kwa mfano, aliyeyusha vitu vya mafuta kwenye benzini, akadondosha kiasi anachokijua, benzini ikaruka na kuacha utando wa kiasi kamili.

Mwisho wa maisha yake haukuwa wa shangwe sana. Friedrich alifariki mwaka 1913, mwaka uliofuata vita vya kwanza vya dunia vikaanza, na njia yake ya kupata majarida ikakatika. Macho na afya vikamchosha, akaacha utafiti. Wakati huohuo Irving Langmuir wa Marekani alikuwa ameboresha chombo cha aina ile, na kazi yake ya mwaka 1917 ikaonyesha wazi jinsi molekuli zinavyosimama juu ya maji. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932. Mwaka huohuo Agnes, akiwa na miaka 70, alipewa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig. Mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Tuzo ya Laura Leonard pamoja na Mfaransa Henri Devaux. Alifariki Braunschweig tarehe 21 Novemba 1935. Maabara nyingi bado zinaiita trei ile kwa jina la Langmuir.

Mtu anaweza kuuliza, sasa hiyo trei imetusaidia nini? Katharine Blodgett, aliyefanya kazi na Langmuir, alijifunza kuhamisha tando hizo kutoka kwenye maji kwenda kwenye kioo, safu juu ya safu, na mwaka 1938 akapata kioo kisichorudisha mwanga. Kanuni hiyohiyo ipo juu ya mapaa ya kwetu. Paneli nyingi za sola zina rangi ya bluu kwa sababu ya utando mwembamba, usiofika hata nanomita 100, uliopakwa juu ya silikoni ili mwanga usirudi. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya utafiti wa tando nyembamba za nishati ya jua kwa miaka mingi, kwa hiyo si habari za ughaibuni peke yake. Kuna na la uhai kabisa. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti wanaoshindwa kupumua wanakosa ule utando unaopunguza mvutano wa uso ndani ya mapafu. Kulijua hilo kulihitaji kupima mvutano huku eneo la uso likipunguzwa na kuongezwa, kazi ileile ya trei ya bati.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kuna namna ya kuisimulia habari hii ambayo siipendi: eti Agnes alifanikiwa jikoni, basi maabara siyo lazima, walimu wajiongeze. Shule moja niliyopangiwa mazoezi ya kufundisha ilikuwa na chumba kilichoandikwa MAABARA mlangoni, na ndani kulikuwa na madawati yaliyovunjika. Sitaki Agnes awe kisingizio cha chumba kile. Tukumbuke gharama yake. Miaka kumi ya vipimo sahihi ilikaa ndani ya nyumba moja bila dunia kujua. Ilihitaji mdogo wa kiume wa kumpatia vitabu na bwana mkubwa wa kumwaminisha kwa wengine. Binti wa Nyantakara anayeacha shule kumuuguza mama yake, na ambaye hana mdogo chuoni, barua yake ataiandika kwa nani?

Lakini pia sitaki tutumie chumba kile kama kisingizio chetu. Mwaka kesho wengi wetu tutakuwa na chaki mkononi kwenye shule za kata. Tukisubiri mtambo wa chuma, tutastaafu tukisoma madesa.

Kwa hiyo anza na hili. Chukua sinia pana, lisugue vizuri, mimina maji safi. Nyunyiza poda kidogo sana juu. Chovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya kula, upate tone la kipenyo cha nusu milimita, lipime kwa rula na kioo cha kukuzia. Ligusishe katikati ya maji. Poda itakimbia na kuacha duara. Tuseme duara lina kipenyo cha sentimita 20. Ujazo wa tone ni milimita za ujazo 0.065, eneo la duara ni milimita za mraba 31,400. Gawanya. Unapata nanomita 2 hivi, wakati unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Darasa la kidato cha pili litakuwa limepima urefu wa molekuli kwa sinia na sindano.

Wakimaliza, waambie jina la mwanamke aliyefungua njia hiyo. Halafu angalia ni binti gani anauliza kwa nini poda imekimbia, andika jina lake, na wiki asipoonekana shuleni, nenda kwao ukaulize.