Wilde, daktari wa Dublin aliyechana nyuma ya sikio

William Wilde alizaliwa mwaka 1815 katika kaunti ya Roscommon, magharibi mwa Ireland, mtoto wa daktari. Wengi wanamjua kama baba wa Oscar Wilde, mwandishi wa tamthilia. Kwa madaktari wa masikio, mkubwa ni baba.

Akiwa kijana alimsindikiza mgonjwa tajiri safarini hadi Misri, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo, na fedha za kitabu zikamsaidia kwenda kusomea macho na masikio Vienna. Aliporudi Dublin alianza kutibu maskini katika banda la farasi lililokarabatiwa. Mwaka 1844 kazi hiyo ikazaa hospitali ya St Mark's.

Enzi hizo sikio linalotoa usaha liliachwa tu, kwa imani kwamba mtoto atapona akikua. Wilde alipinga. Katika kitabu chake cha 1853 alionya kwamba usaha wa sikio si jambo la kupuuzwa hata siku moja. Akikuta uvimbe mwekundu wenye maumivu nyuma ya sikio, hakusubiri: alichana ngozi mpaka kwenye mfupa, usaha utoke. Mchano huo bado unaitwa kwa jina lake. Hata hivyo, cheo cha Sir alikipata mwaka 1864 kwa kazi ya sensa, si kwa masikio.

Mchano haukutosha kwa kila mgonjwa. Wengine huota kifuko cha ngozi nyuma ya ngoma ya sikio, kikajaa taka nyeupe na kula mfupa polepole kuelekea kwenye ubongo. Dalili zake ni usaha wenye harufu mbaya usiokoma na usikivu unaopungua, mara nyingi bila maumivu, na ndiyo maana watu huchelewa. Dawa ya matone haikiondoi. Mwaka 1873 Hermann Schwartze wa Halle, Ujerumani, alieleza namna ya kuufungua mfupa wenyewe kwa patasi. Leo daktari hupiga picha ya CT, kisha hutoboa kwa keekee ndogo chini ya darubini na kukitoa kifuko chote; kikibaki kipande, huota tena.

Wilde alifariki mwaka 1876. Oktoba 10, 1900, Oscar alipasuliwa sikio katika chumba cha hoteli mjini Paris. Ugonjwa ukaingia kwenye utando wa ubongo, akafariki Novemba 30 akiwa na miaka 46. Baadhi ya madaktari waliochunguza habari zake wanaamini kilikuwa kifuko hichohicho.