Bwana Baker na Watu wa Miti

Richard St. Barbe Baker alizaliwa Uingereza tarehe 9 Oktoba, 1889, katika kijiji cha West End karibu na Southampton. Alipokuwa kijana alikwenda Kanada, akasoma katika chuo cha Saskatchewan, akafanya na kazi ya kukata miti. Huko aliona miti ikiharibiwa ovyo, na upepo ukichukua udongo wa mashamba yaliyokosa miti. Baada ya vita vya 1914-1918 alisomea elimu ya misitu Cambridge, na mwaka 1920 akaja Kenya kuwa ofisa wa misitu.

Katika nchi ya Wakikuyu alikuta misitu imepungua sana. Wakulima walifyeka miti wapate mashamba, na ardhi nyingi ilikuwa imekwisha chukuliwa na masetla, hata nafasi ya kuacha shamba lipumzike ikawa haba. Alipowaambia wazee habari ya kupanda miti, walimjibu kuwa hilo ni shauri la Mungu.

Baker hakutoa amri. Alijua kuwa Wakikuyu wana ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya mavuno, lakini hawana ngoma ya miti. Basi akashauriana na Chifu Josiah Njonjo, na tarehe 22 Julai, 1922, ikachezwa ngoma ya miti huko Muguga. Walikuja vijana wapatao 3,000. Kati yao 50 walichaguliwa kuwa wa kwanza, wakaahidi kupanda miti 10 kila mwaka na kuitunza miti popote. Wakaitwa Watu wa Miti.

Mwaka 1924 chama hicho kilianzishwa Uingereza, kisha kikaenea katika nchi nyingi. Baker alifariki Saskatoon, Kanada, tarehe 9 Juni, 1982, mwenye umri wa miaka 92. Siku chache kabla ya kufa alipanda mti.

Mwaka 1947 na 1948 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, nao wakakataa. Matuta yana faida, lakini kazi ya shuruti iliwachukiza. Kwa hiyo, wasomaji, anayetaka kuanzisha kikundi cha kuhifadhi ardhi kijijini kwao na aanze kwa wazee na desturi zao, na ahadi iwe ndogo, ya kutimizwa kila mwaka. Hiari yashinda utumwa.