Johannes Rebmann wa Rabai

Wasomaji wetu walio wengi wamelisikia jina la Johannes Rebmann, nao humjua kwa neno moja tu, ya kuwa ndiye Mzungu wa kwanza aliyeiona theluji ya Kilimanjaro na kuiandikia habari. Neno hilo ni kweli, lakini lilikuwa jambo la siku moja. Miaka 29 aliyoitumikia misioni ya Rabai haisimuliwi sana, kwa kuwa haina mambo ya kustaajabisha watu. Nasi mwezi huu twataka kuitazama hiyo miaka, maana ndani yake twaona jinsi Mungu amkuzavyo mtu katika utakatifu: polepole, mahali pamoja, pasipo kushangiliwa.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani. Wakristo wa Kilutheri wa nchi ile walikuwa na desturi ya kukusanyika nyumbani, zaidi ya ibada ya Jumapili, wasome Maandiko na kuomba pamoja. Katika desturi hiyo alikua. Alipokuwa kijana alifundishwa katika chuo cha misioni cha Basel, Uswisi, kisha akapokelewa na chama cha misioni cha Waingereza kiitwacho Church Missionary Society, akatumwa Afrika ya Mashariki.

Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga. Tarehe 25 Agosti wote wawili wakapanda kwenda Rabai kuanza kazi, nao njiani walikuwa wakiugua homa. Hivyo misioni ile ilianza katika udhaifu, wala si katika nguvu.

Mwaka 1848 Rebmann alisafiri kwenda Uchaga. Hakuchukua bunduki, ila mwavuli wake tu, pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa njia, Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza mmoja wa wenzake ni kitu gani, naye akamjibu kwamba ni baridi. Rebmann akafahamu mara kuwa ni theluji. Basi alifanya nini? Aliketi, akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111, kwa maana katika kusoma kwake kwa kila siku alikuwa amefika hapo. Wasomaji na waliangalie jambo hili. Hakutafuta zaburi iliyofaa ajabu ile, bali aliishika zamu yake, na zamu yake ikampa wimbo wa kuzisifu kazi kuu za Bwana. Mwenye desturi ya kusoma kila siku, siku kuu inapomjia humkuta tayari.

Habari zake zilipochapishwa mwaka 1849, wataalamu wengine wa Ulaya hawakuzikubali. William Desborough Cooley wa London, ambaye hakupata kuikanyaga nchi hii, aliandika kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Rebmann alidhihakiwa kwa muda wa miaka mingi. Hata mwaka 1862 Baron von der Decken alipopanda sehemu ya mlima, ndipo neno la mmisionari likathibitishwa. Lakini katika miaka ile yote Rebmann hakuiacha kazi yake ili apiganie jina lake.

Jambo lingine lilimwumiza zaidi. Mwaka 1849 alirudi Uchaga kwa mara ya tatu, akitumaini kupita mpaka Unyamwezi. Alipofika Machame, mangi Mamkinga, ambaye safari iliyotangulia alimpokea vizuri, alimtoza mali yake kidogo kidogo hata safari haikuwezekana tena. Akarudi Rabai mikono mitupu.

Toka hapo twaona njia yake ikigeuka. Krapf alitaka misioni iende mbele upesi, kituo kwa kituo, toka bahari hii hata bahari ya pili. Rebmann aliona ni afadhali kukaa na watu wa mahali pamoja, kujifunza lugha yao barabara, na kungoja. Ndugu hawa wawili walipendana, lakini katika shauri hili hawakupatana, na jambo hilo halikuwa dogo kwao. Krapf aliondoka mwaka 1853, na mwenzao Jakob Erhardt mwaka 1855. Rebmann akabaki.

Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walifika Rabai, katika safari yao ya kuyatafuta maziwa makuu. Ramani iliyowavuta kuja ilikuwa imefanyizwa na Erhardt na Rebmann wenyewe, nao walitumaini kwamba Rebmann atafuatana nao. Hakwenda. Wao walipata sifa ya kuyaona maziwa, naye akabaki na shule yake na kamusi zake. Mwaka ule ule vita vya Wamasai vilifika Rabai, ikambidi akimbie na mkewe, wakae Unguja hata vita vilipotulia. Kisha wakarudi mahali pale pale.

Mkewe Emma alikuwa amemwoa Kairo mwaka 1851. Alikuwa mwanamke hodari, akashiriki kazi yote ya mumewe. Mwaka 1866 alifariki, na Rebmann akawa mtu wa peke yake.

Kazi yake ilikuwa ya namna gani? Aliifasiri Injili ya Luka katika Kiswahili. Aliyakusanya maneno ya lugha za pwani. Tena alikaa muda mrefu na mtu mmoja jina lake Salimini, aliyetekwa utumwani toka nchi za Ziwa Nyasa, akaandika kwa kinywa chake kamusi ya Kinyanja. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, naye Rebmann alikuwa amekwisha kufa. Alifanya kazi kwa ajili ya watu ambao nchi yao hakuiona kamwe.

Na waumini? Walikuwa wachache sana. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete, aliyeamini na kubatizwa, akafa. Baada ya miaka mingi walikuwa bado kundi dogo tu, hata wageni waliopita wakasema kazi hiyo haina faida. Ndipo macho ya Rebmann yakaanza kufifia, hata akawa karibu kipofu. Aliyeiona theluji hakuweza tena kuusoma ukurasa wa Biblia. Mwaka 1875 aliondoka, akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo Mwafrika, aliyesafiri naye mpaka Ulaya. Yule aliyekuja kuwa kiongozi wa wengine alishikwa mkono na mtoto wake katika imani. Alifariki Korntal, Württemberg, tarehe 4 Oktoba 1876.

Hakuyaona yaliyofuata. Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliingia Uchaga, nao wakaanza kazi yao Machame, nchi ile ile aliyonyang'anywa mali zake. Hivi leo sharika za Kilutheri zimejaa mitelemko ya mlima ule, na waumini wake hupita chini ya theluji ile bila kukumbuka mwavuli wa Rebmann.

Ndugu wapendwa, na hasa ninyi walimu mnaotumika katika vijiji vilivyo mbali, tusidhani kwamba utakatifu hukua kwa mambo makubwa. Moyo wa mtu ni kama mbegu ya mti: ukihamishwa kila wiki haushiki mizizi. Wako wanaoianza kazi ya Bwana kwa bidii, lakini wakichekwa huwaza jinsi ya kujitetea, wakiona matunda machache hutamani mahali pengine, na wakiitwa kwenye sifa huenda. Rebmann alijaribiwa kwa hayo yote matatu. Hakushinda kwa sababu alikuwa mtu asiye na udhaifu, bali kwa sababu kila siku alirudi kwenye Neno, kwenye sala, na kwenye kazi iliyokuwa mbele yake.

Basi na tujiulize kila mmoja: sura ya Biblia ya leo tumeisoma? Mgonjwa wa jirani tumemtazama? Mwanafunzi asiyeelewa tumemrudia tena? Haya ni madogo, hakuna atakayeyaandika katika ramani. Lakini Bwana huyaona, naye kwa hayo huwafanya watu wake kuwa watakatifu.