Tullio Campagnolo: Kutoka nati ya baiskeli hadi rimu za Ferrari

UKITAJA Vicenza mbele ya shabiki wa soka aliyeanza kufuatilia mpira zamani, atakutajia Paolo Rossi. Msimu wa 1977/78 jamaa alitupia mabao 24 kwenye Serie A, akawa mfungaji bora, na ile timu ya mji mdogo ikamaliza nafasi ya pili nyuma ya Juventus. Mwingine atakutajia Roberto Baggio, mzaliwa wa Caldogno, ambako na Vicenza ni pua na mdomo. Naye alianzia hapohapo.

Lakini ingia gereji ya magari ya kizamani, iwe Milan au London, utaje Vicenza uone. Hakuna atakayekuambia habari za mabao. Watakutajia Tullio Campagnolo.

Huyu naye alikuwa mwanamichezo. Alikimbiza baiskeli, hakupata jina kubwa kwa miguu yake, akalipata kwa mikono. Na jina hilo leo lipo kwenye rimu ambazo wenye magari ya zamani wanazitafuta usiku na mchana, wengine wakizifunga vizuri na wengine wakijitafutia ajali.

Campagnolo alizaliwa Vicenza, kaskazini mwa Italia, Agosti 26, 1901. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya chuma, kwa hiyo kijana alikua katikati ya misumari, nati, tupa na nyundo. Baadaye akaingia kwenye mbio za baiskeli za ridhaa.

Baiskeli za mashindano za miaka ile hazikuwa na gia za kubadilisha kwa kidole. Gurudumu la nyuma lilikuwa na meno upande huu na meno upande ule, ukubwa tofauti. Ukifika mlimani unashuka, unafungua gurudumu, unaligeuza, unalifunga, unaendelea. Lilikuwa limefungwa kwa nati zenye mabawa, zile unazozungusha kwa vidole bila spana.

Sasa inasimuliwa kwamba Novemba 1927, kwenye mbio za Gran Premio della Vittoria, Campagnolo alikuwa anapanda mlima Croce d'Aune kwenye theluji. Akashuka kugeuza gurudumu. Nati zimeganda, vidole vimekufa ganzi, hazizunguki. Wenzake wakampita mmoja mmoja huku yeye akihangaika pembeni ya barabara.

Wapo watafiti waliopekua habari za siku hiyo wakaitilia shaka ile theluji. Sawa tu. Theluji iwepo isiwepo, kilichofuata kinajulikana: Campagnolo alikuja na kifaa cha kufungua gurudumu kwa mkono mmoja. Ni chuma chembamba kinachopita ndani ya ekseli iliyo wazi katikati, mwishoni kina mkono mdogo. Ukiugeuza unabana, ukiurudisha unaachia. Kwa miaka mingi, ukienda dukani kutazama baiskeli ya mashindano, kifaa cha namna hiyo ulikikuta kwenye nyingi.

Mwaka 1933 alifungua karakana yake. Ya baiskeli tuyapitie haraka, maana ni mengi. Gino Bartali aliposhinda Tour de France 1948, miaka 10 baada ya ushindi wake wa kwanza, gia zake zilikuwa za Campagnolo. Eddy Merckx alipoweka rekodi ya saa moja kule Mexico mwaka 1972, kilomita 49.431, vifaa vilikuwa vya Campagnolo. Mzee hakuchoka kubuni. Hata kifungulio cha chupa za mvinyo alitengeneza cha kwake, kikubwa kama spana ya lori.

MAGNESIAMU YAMPELEKA KWENYE MAGARI

Mkimbiza baiskeli anahesabu kila gramu. Ndiyo maana Campagnolo alianza kuchezea magnesiamu, madini mepesi kuliko aluminiamu kwa karibu theluthi moja. Akishajua kuyeyusha na kumimina magnesiamu, kutoka kwenye vipuri vya baiskeli kwenda kwenye rimu za gari haikuwa safari ndefu.

Kwa nini uzito wa rimu uwe ishu? Mfikirie winga anayecheza na njumu zilizoshika tope. Mwili wake mwepesi, lakini kila hatua anainua kilo ya udongo. Rimu nayo iko chini ya springi. Gurudumu likigonga shimo linaruka, na springi na shokapu ndizo zenye kazi ya kulirudisha chini. Likiwa zito linachelewa kurudi, tairi linakosa mshiko, gari linapoteza njia.

Miaka ya 1960 wakubwa wa Italia wakapiga hodi. Ferrari 275 GTB ya 1964 ilitoka na rimu za Campagnolo. Lamborghini Miura ya 1966 nayo ikavaa za magnesiamu. Baadaye ikaja Lancia Stratos, ile iliyoletwa Kenya kwenye Safari Rally ya 1975 ikashika nafasi ya pili kwa Sandro Munari na ya tatu kwa Björn Waldegård. Stratos ya barabarani ilikuwa na rimu za Campagnolo.

Ila kwa maoni yangu gari lililomfikisha mzee kwa watu wa kawaida ni Alfa Romeo GTA ya 1965. Herufi ya A inasimamia neno la Kiitaliano lenye maana ya kupunguzwa uzito. Bodi ya aluminiamu, rimu za magnesiamu za Campagnolo za inchi 14. Andrea de Adamich akatwaa nayo ubingwa wa Ulaya 1966, akarudia 1967.

Mashabiki wanajulikana. Mchezaji akivaa viatu vyekundu Jumapili, Jumatatu mtaani wote wanataka vyekundu. Mwenye Alfa ya kawaida, iliyotoka kiwandani na rimu za chuma, akataka rimu kama za GTA. Mwenye Fiat naye hivyohivyo. Wakaanza kununua rimu za Campagnolo madukani na kuzifunga wenyewe.

MILIMITA MBILI

Na hapo ndipo pa kutulia, kwa sababu shida ya Campagnolo mlimani ilikuwa gurudumu lisilotaka kutoka. Shida ya anayefunga rimu za jina lake leo ni gurudumu linaloweza kutoka lenyewe.

Kitu cha kwanza ni matundu ya bolti. Yamepangwa kwenye duara, na duara hilo lina kipenyo chake. Kwa rimu ya matundu manne ni rahisi: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile la mkabala. Alfa za familia ya GTA ni milimita 108. Fiat 124 ni 98. Peugeot 504 ni 140. Volkswagen Golf ya kwanza ni 100.

Angalia hapo kwenye 98 na 100. Kwa macho huoni tofauti. Fundi asiye na subira anachukua rimu ya 100, anaibandika kwenye Fiat, bolti zinaingia, anakaza, gari linaondoka. Kumbe kila bolti imekaa upande kwa milimita moja. Imebana kwenye ukingo tu wa tundu, haijakaa sawasawa kwenye kikalio chake. Gurudumu linatikisika kidogo, bolti inalegea kidogo, na mwendo unafanya yaliyobaki.

Kitu cha pili ni namna rimu inavyoingia ndani au kutoka nje. Sehemu inayogusana na habu ya gari haiko lazima katikati ya upana wa rimu. Ikitupwa nje mno, tairi linakwaruza madigadi, usukani unakuwa mzito na beringi zinabeba mzigo usio wao. Ikiingia ndani mno inagusa shokapu au breki. Magari ya miaka ya 1960 yalikuwa na rimu nyembamba, kwa hiyo nafasi ni ndogo sana. Mtu anayetaka tairi pana kama la gari la mashindano apime kwanza, tena huku usukani umekatwa hadi mwisho, kulia na kushoto.

Halafu bolti zenyewe. Rimu ya chuma ni bati jembamba, ya magnesiamu au aluminiamu ni nene. Bolti iliyokuwa inatosha kwenye chuma inaweza kushika nyuzi tatu tu kwenye hii mpya. Kwa bolti ya milimita 12, mafundi wazuri wanataka angalau milimita 12 za nyuzi ziwe zimeshika. Na kichwa cha bolti au nati lazima kifanane na kikalio cha tundu: koni kwa koni, mviringo kwa mviringo. Ukichanganya, unakaza kwa nguvu zako zote na bado hujafunga kitu.

Ukazaji ni wa kuvukana, kwa spana ya kupimia nguvu, siyo kurukia spana kwa miguu kama tunavyoona barabarani. Ukitembea kilomita chache, simama ukaze tena, maana rimu mpya hukaa vizuri kwenye habu baada ya kupata mzigo.

UGONJWA WA MAGNESIAMU

Campagnolo alifariki dunia mwanzoni mwa Februari 1983. Miezi michache nyuma Rossi, yule wa Vicenza, alikuwa ameipa Italia Kombe la Dunia na kuondoka na kiatu cha dhahabu kwa mabao sita. Mwanaye, Valentino, akashika kampuni, na jina likabaki kwenye baiskeli.

Rimu za zama za mzee nazo bado zinauzwa na kununuliwa, na bei zake siyo za kitoto. Tatizo ni kwamba magnesiamu ina ugonjwa wake. Maji na chumvi vinaila, hasa pale inapogusana na chuma. Rangi ikichubuka kidogo, kutu yake nyeupe inaanza kama unga na kuingia ndani. Mtu anaipiga msasa, anaipaka rangi, inang'aa, anaiuza. Ufa mwembamba unaoanzia kwenye tundu la bolti hauonekani tena.

Ndiyo maana wanaozijua wanazitoa rangi yote kwanza, kisha wanazipaka ile dawa ya maji inayopenya kwenye nyufa na kuzifichua. Hapo ndipo wanaamua. Ikionekana imepasuka, haichomelewi. Magnesiamu ikishika moto siyo mchezo, na hata ukifanikiwa kuichomelea, huwezi kuiamini tena kwenye kona ya kilomita 120 kwa saa.

Wengi siku hizi wanafunga nakala za aluminiamu zenye sura ileile na vipimo vya gari lao. Wapo wanaobeza, wanasema siyo Campagnolo halisi. Mimi siko upande wao. Ya mwaka 1967 itundike ukutani, wageni waione. Ya kukubeba wewe na watoto iwe ile ambayo fundi ameipima, na bolti zake zimeshika nyuzi za kutosha.